Sura ya Tatu: Mbao Isiyojiuza

Kizuri chajiuza, na wauza mbao za fidla wanaishi kwa methali hiyo hata kama hawajawahi kusikia neno la Kiswahili. Mjini Cremona, kaskazini mwa Italia, ambako fidla zilianza kutengenezwa katika karne ya 16, mepo yenye mistari huwekwa pale mwanga wa dirisha unapoipata. Fundi mgeni huishika, huigeuza, na mistari hucheza juu ya ubao kama jua kwenye maji machache ya pwani. Bei imeandikwa ubavuni kwa kalamu ya risasi, nayo inauma. Hata hivyo hulipa, kwa sababu moyoni ameshaiona fidla yake imekamilika na imepakwa vanishi, na wateja wanaikodolea macho.

Mepo ni mbao ya mgongo wa fidla, mbavu zake na shingo. Mistari ile hutokea pale nyuzinyuzi za mti zinapokua kwa mawimbi badala ya kunyooka. Wimbi linapoinuka, mwanga huzama kwenye ncha za nyuzinyuzi na mahali hapo huonekana peusi. Linapolala, mwanga hurudi machoni. Ukibadili pembe, peusi panakuwa peupe. Ni uzuri wa kweli, wala siudharau. Ila hausemi chochote kuhusu sauti. Ikiwa una athari, basi ni ya kupunguza ugumu wa ubao kwa urefu wake, maana nyuzinyuzi zilizopinda hazihimili mzigo kama zilizonyooka. Na kwa fundi ni adhabu: randa isiyonolewa vizuri hung'oa vipande pale wimbi linapogeuka, na siku nzima ya kazi ikaharibika.

Antonio Stradivari, aliyefariki Cremona mwaka 1737 na ambaye jina lake limekuwa kipimo cha fidla zote, hakuwa mtumwa wa mistari hiyo. Alitumia mepo ya kifahari, lakini alitumia pia mepo ya kienyeji ya mashambani yenye mistari midogo isiyovutia. Migongo ya baadhi ya chelo zake ni ya mpopla, mti laini usio na urembo wowote. Ndani ya fidla zake, kwenye vitalu vya pembeni ambako mteja haoni, aliweka mti wa willow kwa sababu ni mwepesi na haupasuki ovyo. Huyu alikuwa mtu anayejua pesa zake ziende wapi.

Ziende mbele. Ubao wa mbele, ule wenye matundu mawili yenye umbo la f, ndio unaosukuma hewa, na ndio unaobeba mzigo. Nyuzi nne zikikazwa kwa kiwango chake huvuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 20, na sehemu ya nguvu hiyo, kilo 8 hivi, hushuka moja kwa moja juu ya ubao kupitia kidaraja kinachoziinua nyuzi. Ubao wenyewe una unene wa milimita 3 au pungufu. Ukishachongwa na kubandikwa boriti yake ya ndani, hauzidi sana gramu 70. Mzigo huo hauondoki mchana wala usiku, kwa miaka 100, kwa miaka 300. Na wakati huohuo ubao unatakiwa uwe mwepesi wa kutosha kutikiswa na unywele wa farasi unaosugua uzi. Ukiwa mzito, nguvu ndogo ya upinde huishia ndani ya mbao. Ukiwa laini, utabonyea chini ya kidaraja kabla mwenyewe hajazeeka.

Mti uliokubaliwa kwa kazi hii tangu enzi za Cremona ni msprusi wa Ulaya, ambao wanasayansi huuita Picea abies. Kuna miti myepesi kuliko huo, na kuna miti migumu kuliko huo, lakini ni michache mno inayounganisha sifa hizo mbili. Mita moja ya ujazo ya sprusi nzuri, ikiwa kavu, ina uzito wa kilo 350 hadi 450. Mpingo wetu hupita kilo 1,200 na huzama majini. Lakini ndani ya sprusi hiyo nyepesi, sauti husafiri kwa urefu wa nyuzinyuzi kwa mita 5,000 hadi 6,000 kwa sekunde, mwendo unaokaribiana na ule wa ndani ya chuma. Mwendo huo hutokana na ugumu uliogawanywa kwa uzito, kwa hiyo ukiujua mwendo na ukaujua uzito, umeshaijua mbao kuliko mtu aliyeitazama saa nzima.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Chukua mwendo wa sauti, ugawe kwa uzito wa mita moja ya ujazo; jibu kubwa ndilo bora. Kipande kinachopitisha sauti kwa mita 5,500 kwa sekunde na chenye kilo 400 kinapata 13.75. Kilicho kando yake kinapitisha kwa mita 5,600, kwa hiyo muuzaji atakusifia kuwa kina kasi zaidi, lakini kina kilo 460, na jibu ni 12.2 hivi. Cha kwanza ndicho chaguo langu, hata kama cha pili ni cheupe na pete zake zimepangika vizuri. Giovanni Lucchi, fundi wa pinde wa Cremona, aliunda kifaa kinachopeleka mawimbi kutoka ncha moja ya mbao hadi nyingine na kusoma muda uliotumika, na leo mafundi wengi hawaendi kununua bila kifaa cha namna hiyo. Asiye nacho anaweza kuanza na ndoo ya maji. Kata kijiti chenye unene sawa kote, chenye urefu wa sentimita 10, kisimamishe majini huku ukikishikilia kidogo kisilale. Sentimita 4 zikizama, mbao yako ni ya kilo 400. Zikizama 5, mrudishie mwenyewe.

Kisha kuna kugonga. Shika ubao kwa vidole viwili, karibu robo ya urefu kutoka ncha ya juu, na ugonge katikati kwa kifundo cha kidole. Mbao njema hulia na mlio wake hukawia. Mbovu hutoa kishindo kifupi kisha kimya. Nimesikia watu wakidai kwamba kwa kugonga tu wanaweza kutabiri sauti ya fidla itakayozaliwa. Sikubaliani nao. Kugonga kunakuambia mbao inapoteza nguvu haraka au polepole, na kunakuonya kuhusu ufa uliojificha. Hayo yanatosha.

Lakini vipimo vyote hivi huharibiwa na jambo moja, na hapa ndipo mnunuzi wa macho huumia zaidi. Nyuzinyuzi za mti hazifuati msumeno. Mti unaweza kujisokota taratibu unavyokua, na gogo lake likipasuliwa kwa msumeno kiwandani, ubao unatoka umenyooka kabisa machoni ilhali nyuzinyuzi zinapita ndani yake kwa mshazari na kutokea upande wa pili. Pete unaziona zimenyooka, nyuzinyuzi huzioni. Ubao wa namna hiyo ukichongwa hadi milimita 3, unakuwa mkusanyiko wa nyuzinyuzi fupifupi zilizoshikana kwa ubavu, na ugumu wote uliolipia umepotea.

Ndiyo maana mafundi wa kale walipasua kwa shoka na kabari, na wenye busara hufanya hivyo hata leo. Kabari haidanganyi. Hufuata njia ya nyuzinyuzi zenyewe, na kama mti umejisokota, uso wa mpasuko utatoka umepinda kama tanga lenye upepo, ukalazimika kuutupa au kuukubali kwa kazi nyingine. Gogo hupasuliwa kuanzia kiini kwenda ganda, vipande vyenye umbo la pembetatu nyembamba. Kila kipande hupasuliwa tena mara mbili, nusu hizo zikafunguliwa na kugundishwa ubavu kwa ubavu, ili pete za kulia na za kushoto zitazamane. Fidla ina upana wa sentimita 20 na ushei pale ilipo pana zaidi, kwa hiyo kila nusu inahitaji sentimita 12 au 13 za mbao safi, bila kiini na bila ile mbao changa ya chini ya ganda. Hesabu hiyo peke yake inakataa miti mingi: unahitaji mti mnene, na kwenye milima inakokatwa sprusi hii mti hunenepa kwa karne moja na nusu, mbili.

Mpasuko wa kutoka kiini kwenda ganda una sababu nyingine. Pete husimama wima ndani ya ubao, na miale midogo inayotoka kwenye kiini cha mti hulala sambamba na uso wake, ikimetameta mbao inapokatwa sawasawa. Hapa jicho lina kazi halali: miale ikimetameta sehemu zote za ubao, umekatwa vizuri. Ikimetameta upande mmoja na kufifia upande wa pili, pete zimelala. Pete zikilala hadi pembe ya nyuzi 45, ugumu wa ubao kwa upana wake huporomoka hadi kuwa sehemu ndogo tu ya ule wa mwanzo, na hakuna uchongaji utakaourudisha. Isitoshe, ubao wa pete wima hutanuka na kusinyaa kwa upana karibu nusu tu ya ule wa pete zilizolala.

Sasa niziseme pete, maana zimezungumzwa kupita kiasi. Kila pete ina sehemu mbili: ile pana na laini iliyokua majira ya kuchipua, na ule mstari mwembamba mweusi, mzito, wa mwisho wa kiangazi. Imani iliyoenea ni kwamba pete zikibanana ndivyo fidla inavyoimba. Mwaka 2003 watafiti Lloyd Burckle na Henri Grissino-Mayer walitoa dhana iliyopendwa sana na magazeti: kwamba Stradivari, aliyezaliwa mnamo 1644, alifanya kazi kwa mbao iliyokua katika miaka ya baridi kali ya 1645 hadi 1715, wakati jua lilikuwa na madoa machache mno, miti ya Alpi ikakua polepole na kujenga pete nyembamba zilizolingana. Ni simulizi tamu. Tatizo ni kwamba baridi hiyo haikumbagua mtu. Kila fundi aliyenunua magogo ya mabonde ya Alpi, hodari na mbabaishaji, alipata mbao ya majira yaleyale, na si wote waliotengeneza ala za kukumbukwa. Tena pete zikibanana mno, mistari mizito huwa mingi kwa kila sentimita na ubao unaongezeka uzito, yaani kinyume cha tulichokuwa tukitafuta. Pete za milimita moja hadi mbili zinafaa, na mimi sikatai zilizo pana kidogo ikiwa mizani inazikubali.

Pete zina kazi moja ambayo hakuna kinachoweza kuchukua nafasi yake: hutaja mwaka. Upana wake hutofautiana kwa kufuata hali ya hewa ya kila mwaka, kwa hiyo ukizipima unaweza kuzilinganisha na kumbukumbu za miti mingine ya Alpi. Fidla iitwayo Masihi, ya mwaka 1716, iliyoko katika jumba la makumbusho la Ashmolean huko Oxford, ilibishaniwa kwa muda mrefu kama kweli ni ya Stradivari. Pete za mwisho za ubao wake wa mbele zilionekana kuwa za miaka ya 1680. Hilo halithibitishi ni mkono wa nani, lakini linalidhoofisha sana dai kwamba mti wenyewe ulikatwa karne ya 19.

Na wanaoamini kwamba mbao ya zamani ina siri isiyofikiwa wakumbuke chumba cha hoteli mjini Indianapolis, mwaka 2010. Claudia Fritz, mtafiti wa Ufaransa, pamoja na Joseph Curtin, fundi wa fidla wa Marekani, na wenzao, waliwapa wapigaji 21 fidla sita wajaribu wakiwa wamevaa miwani ya giza: tatu mpya, mbili za Stradivari na moja ya Guarneri del Gesù, fundi mwingine wa kale wa Cremona. Iliyopendwa zaidi ilikuwa mpya. Iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa ya Stradivari.

Magogo yenyewe hutoka wapi? Jina linalotajwa zaidi ni Paneveggio, msitu ulio katika mkoa wa Trentino, jirani na bonde la Fiemme, kwenye miinuko ya mita 1,500 na zaidi. Udongo ni haba, baridi ni ndefu, na miti imesimama karibukaribu ikishindania mwanga, ndiyo maana inapanda moja kwa moja na kudondosha matawi ya chini mapema. Tawi ni fundo, na fundo ndani ya ubao wa fidla ni hasara. Mti ulioegemea kwenye mteremko nao haufai: upande wa bondeni hujenga mbao nyekundu, nzito, inayopinda ikikauka. Katika bonde la Fiemme, misitu mingi ni mali ya wanakijiji wenyewe kupitia chombo chao, Magnifica Comunità, kinachohesabu haki zake kuanzia mapatano ya mwaka 1111 na askofu wa Trento. Wazee wa huko hukata majira ya baridi, mwezi ukiwa unapungua. La baridi lina mantiki, maana wadudu na ukungu wamelala. La mwezi nawaachia wao.

Mwishoni mwa Oktoba 2018 dhoruba waliyoiita Vaia ilipita kaskazini-mashariki mwa Italia na kuangusha misitu katika zaidi ya hekta 40,000, karibu mita za ujazo milioni 8.5 za mbao, Paneveggio na Fiemme zikiwamo. Kwa mtu wa mbali ingeonekana kama neema: magogo ya fidla yamelala chini, yanasubiri kuokotwa. Lakini mti ulioinamishwa na upepo hadi kuvunjika huweza kuumia ndani. Nyuzinyuzi za upande uliobanwa hujikunja, zikaacha mistari midogo ya kukata ubao kwa upana, isiyoonekana hadi randa iwe imepita au, vibaya zaidi, hadi vanishi iingie. Kila gogo lilihitaji kukaguliwa upya. Na kabla magogo hayajaondolewa yote, mbawakawa wa ganda walizaliana ndani yake na kuhamia kwenye miti iliyokuwa imenusurika.

Kuhusu kukausha sina mengi. Vipande hupakwa nta kwenye ncha zake visipasuke, hupangwa kivulini kwa vijiti katikati, huandikwa tarehe, na husahauliwa kwa miaka mitano au zaidi. Anayekuuzia mbao ya mwaka jana kwa maneno kwamba ilipita tanuri anakuuzia matatizo yako ya mwaka kesho. Uswisi, katika taasisi ya Empa, mtafiti Francis Schwarze ameonyesha kwamba kuvu fulani, akiachiwa ale mbao kwa muda uliopimwa, huipunguzia uzito bila kuipunguzia ugumu kwa kiasi kilekile. Njia hiyo inavutia, lakini haimsaidii fundi mwenye karakana ya chumba kimoja.

Kwa msomaji wa Unguja au Mombasa, ukavu wa mbao si jambo la nadharia. Fidla ziko katika taarabu ya Zanzibar tangu zamani, katika vikundi kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, na kila mpigaji anajua masika inavyoifanya ala yake. Mbao iliyotulia katika chumba cha Ulaya chenye joto la umeme inakuwa na maji kama asilimia 8 ya uzito wake. Katika unyevu wa pwani huelekea asilimia 16. Ubao wa mbele, kama usingeshikwa na mbavu, ungetanuka kwa zaidi ya milimita 2. Kwa kuwa umeshikwa, huvimba kwenda juu, kidaraja kinapanda, nyuzi zinakuwa juu mno vidoleni, na gundi ya ngozi ya mnyama inaanza kuachia. Anayenunua fidla ya kutumika pwani aangalie kwanza kama pete za ubao wa mbele zimesimama wima. Hilo lina thamani kuliko jina lililobandikwa ndani.

Huulizwa kwa nini tusitumie miti ya kwetu. Misindano ya Sao Hill, Mufindi, hukua haraka mno kwenye joto na mvua. Pete zake ni pana, mbao yake haina ugumu unaotakiwa. Miti yetu mingi ya asili haina majira ya baridi ya kuigawia pete zilizo wazi, na iliyo migumu ni mizito.

Lakini juu ya ubao wa mbele kuna mbao ya Afrika katika fidla nyingi njema duniani. Ubao mweusi ambao vidole hukandamiza nyuzi juu yake, pamoja na vigingi, kwa kawaida ni abunusi, na nyingi hutoka Kameruni. Abunusi si mpingo. Mpingo ni jamaa ya mikunde, nao huenda zaidi kwenye klarineti na zumari za Ulaya.  Kwenye ubao wa vidole mbao haitakiwi kuimba bali kuhimili msuguano, kwa hiyo uzito si kosa. Na hapa ndipo jicho limefanya hasara kubwa kuliko yote. Bob Taylor, ambaye kampuni yake ya magitaa ilinunua kiwanda cha abunusi mjini Yaoundé mwaka 2011 kwa ubia na kampuni ya Hispania, ameeleza hadharani kwamba wakataji walikuwa wakiangusha miti kama kumi kupata mmoja mweusi tii, na ile mingine yenye michirizi ya kahawia waliiacha ioze msituni, kwa sababu soko liliikataa. Ugumu wa mbao hizo mbili haukutofautiana kiasi cha kujali.

Siku hizi abunusi yenye michirizi inauzwa, ila nyingi hupakwa rangi nyeusi kwanza. Anayetaka kujua alichonunua alowanishe pamba kwa spiriti kidogo na kufuta upande wa chini wa ubao wa vidole, mbali na vanishi, maana spiriti huiyeyusha. Pamba ikitoka nyeusi, amelipia wino, na mbao iliyo chini yake huenda ni nzuri vilevile.